Zawadi ya Noeli Huanzia Sokoni



Kila mwaka, Majilio yanapofika juma la tatu, viongozi wa makundi ya vijana hutujia na ombi moja: wanataka siku ya kuteremka mjini pamoja ili kununua zawadi za Noeli. Kundi moja limechangishana pesa kwa ajili ya watoto wa parokia. Kundi jingine halina mfuko wa pamoja, bali kila mmoja ametumwa na wazazi wake, na wote wanapenda kwenda wakiwa wengi, kwa furaha na kwa usalama. Na kila mwaka wamo wazee wa parokia wanaojibu kwamba Noeli si soko, na kwamba vijana waachwe wasali.

Sisi tunaowalea vijana hao katika mafundisho tunapenda kutoa mawazo yetu waziwazi. Tunaona vijana waende mjini. Lakini tunaona pia kwamba zawadi haianzi siku ya kutolewa. Huanzia pale inaponunuliwa, na mara nyingi wema wake au ubaya wake umekwisha kuamuliwa mbele ya meza ya muuzaji. Anayetaka kumfurahisha mtoto siku ya Noeli hana budi kujiuliza nani ameilipia furaha hiyo.

Anayeijua Lubumbashi anaijua sura yake ya Desemba. Ni majira ya mvua na ya maembe. Asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu hukusanyika, na wauzaji wa kandokando ya barabara hukimbilia plastiki zao ili kufunika viatu, wanasesere na miti ya Noeli isiyoota katika msitu wowote. Mbele ya duka kubwa husimama Baba Noeli aliyevikwa joho zito la nchi za theluji, na hatua chache kutoka kwake mama anauza maembe. Watu hutoka Katuba, Kenya, Ruashi na vijiji vya Annexe, hata Kipushi, wakiwa wamejazana ndani ya mabasi madogo. Bidhaa nyingi wanazozifuata zimesafiri mbali zaidi yao: zimeshushwa melini Dar es Salaam au Durban, zikapakiwa katika malori, zikangoja mpakani Kasumbalesa, kisha zikafika sokoni zikiwa zimebebeshwa gharama ya kila kituo. Hiyo ni sababu mojawapo ya bei inayomshtua mzazi. Sababu nyingine ni Desemba yenyewe, kwa kuwa muuzaji anajua kwamba mzazi huyu hataki kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwetu zawadi ya kwanza ya Noeli ni nguo ya mtoto. Baada ya Misa ya tarehe 25 watoto huzunguka kuwasalimu wajomba, mashangazi na majirani, na kila nyumba huwatazama tangu viatu hata kola ya shati. Mtoto asiye na nguo mpya hubaki uani, akidai kwamba tumbo linamuuma. Asiyeyajua hayo atasema wazazi wetu wana majivuno. Sisi tunaoyajua tunasema kwamba mzazi anayetafuta shati la mwanawe anatafuta heshima ya mtoto huyo mbele ya wenzake, na heshima ya mtoto si jambo dogo. Kwa hiyo hatutawaambia vijana kwamba kununua ni dhambi. Tutawaambia kwamba kununua ni tendo, na kama kila tendo la mwanadamu, linaweza kufanywa kwa haki au kwa udhalimu.

Wanaodhani kwamba soko halina nafasi katika habari ya Noeli wasome tena Injili ya Luka, sura ya pili. Wakati wa kutakaswa kwa mama ulipotimia, Yezu alipelekwa Yerusalemu, na wazazi wake wakatoa sadaka ya ndege wawili. Kitabu cha Walawi, sura ya 12, kinatufungulia maana yake: sheria ilidai mwanakondoo pamoja na ndege mmoja, lakini mama asiyeweza kupata mwanakondoo aliruhusiwa kutoa ndege wawili. Ndiyo kusema, Maria na Yosefu walitoa sadaka ya maskini. Injili haitusimulii kwamba Yosefu alikopa mwanakondoo ili majirani wa Bethlehemu wasimcheke. Walitoa kadiri ya uwezo wao, na Hekalu likawapokea.

Kuna jambo la pili ambalo huwa tunalipita bila kulitazama. Mtoto yule aliyetolewa kwa sadaka ya ndege wawili alikua, akarudi katika Hekalu lile lile, na Injili ya Marko, sura ya 11, inatuambia kwamba alipindua meza za wabadilisha fedha na viti vya wauza njiwa. Wauza njiwa! Hao ndio waliowauzia maskini sadaka zao. Yezu hakuwachukia njiwa, wala hakuwakataza maskini kutoa sadaka. Alikasirika kwa sababu nyumba ya sala ilikuwa imegeuzwa kuwa pango la wanyang'anyi. Sisi tunasoma kurasa hizo mbili pamoja, na tunasikia ndani yake onyo linalotuhusu: mahali maskini anaponunua kitu cha kumtolea Mungu, au cha kumpa mwanawe, pasigeuzwe kuwa mahali pa kumnyang'anya.

Basi safari yenu ianze na hesabu. Sisi walimu hatuoni haya kusema kwamba hesabu ni sehemu ya malezi ya kikristo. Kabla ya kupanda basi, kundi liketi, pesa zihesabiwe mbele ya wote, na orodha iandikwe. Nauli ya kwenda na kurudi itengwe kwanza, maana nauli ya Desemba hupanda mvua inapoanza kunyesha. Noti za dola zikaguliwe moja moja, kwa kuwa mnajua nyote kwamba noti iliyochanika kidogo hukataliwa na muuzaji, na kijana aliyepewa noti hiyo atahangaika mchana kutwa. Kisha itengwe sehemu ambayo haitaguswa kabisa, nayo ni ya Januari.

Tunasisitiza Januari kwa sababu maalumu. Wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na hakuna mwezi unaoithibitisha methali hiyo kuliko mwezi wa kwanza wa mwaka. Mnaujua ule mkopo wa mtaani ambao watu wetu huuita bank Lambert, ingawa anayekopesha si benki bali ni jirani tu mwenye pesa. Riba yake inaweza kufika nusu ya pesa iliyokopwa, kwa mwezi mmoja. Tuifanye hesabu hiyo kama ubaoni: baba anayechukua dola 40 katikati ya Desemba atadaiwa dola 60 katikati ya Januari. Asipozipata, atadaiwa riba juu ya riba, na mkopeshaji atashika kadi yake ya mshahara au redio yake. Na Januari ndiyo mwezi wa kurudi darasani. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini shule za sekondari bado hulipiwa. Gauni lililomfurahisha mtoto mdogo kwa siku moja linaweza kumrudisha dada yake mkubwa nyumbani kwa kukosa ada. Hapo tunauliza tena: nani ameilipia furaha ya Noeli? Amelipa yule msichana aliyesimama mlangoni pa darasa, na hakuna aliyemwomba idhini.

Vijana mna nguvu juu ya jambo hili kuliko mnavyodhani. Mara nyingi wazazi hukopa kwa sababu sisi watoto, wakubwa kwa wadogo, tumenuna. Kijana wa miaka kumi na saba anayemwambia mama yake, kwa moyo mweupe, kwamba viatu vya mwaka jana bado vinafaa, amekwisha kuipa nyumba yao zawadi kubwa, naye hajatoa hata franka moja.

Tukisha kufika mjini, tunakutana na jambo la pili: kupatana bei. Mwaka mmoja tulifuatana na kundi la vijana wapatao ishirini waliokuwa wakiwanunulia zawadi watoto wa mafundisho. Sokoni walimkuta mama mmoja aliyetandaza vikombe na sahani za plastiki juu ya gunia. Vijana wetu walijadiliana naye karibu nusu saa. Walicheka, wakajifanya wanaondoka, wakarudi, wakamtaja hata Mungu, na mwishowe wakapunguziwa franka mia chache kwa kila kikombe. Walishangilia kama timu iliyofunga bao. Baadaye waliingia katika duka lenye milango ya kioo kununua maboksi ya biskuti. Bei ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Hakuna aliyefungua kinywa. Walilipa, na mwenye kupokea pesa alipokosa chenji wakamwachia. Tulipokuwa tukingoja basi, msichana mmoja aliyekuwa ameshika daftari ya hesabu akatuuliza: «Papa, mbona mule ndani hatukubishana?» Alituonyesha daftari. Pesa zote walizookoa kwa yule mama hazikufikia chenji waliyoiacha dukani.

Tunamshukuru binti yule, maana alifundisha siku hiyo kuliko sisi. Tuna ujasiri mbele ya mnyonge na adabu mbele ya kioo. Mwenye duka hatapungukiwa chakula kwa chenji yetu, lakini faida ya mama wa gunia ni ile ile tuliyoshangilia kuiondoa.

Hatusemi kwamba kupatana bei ni kosa. Kupatana ni desturi yetu, kuna salamu ndani yake, kuna mzaha na kujuana, na muuzaji mwenyewe hutaja bei ya kwanza akijua kwamba si ya mwisho. Lakini kuna mpaka. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha juu ya mshahara kwamba mapatano peke yake hayatoshi kulifanya jambo liwe la haki. Mfanyakazi akikubali malipo duni kwa kuwa shida imembana, ametendewa kwa nguvu hata kama amesema ndiyo. Sisi tunaona kwamba fundisho hilo linafaa pia mbele ya gunia la sokoni. Saa kumi na moja jioni, wingu limetanda, mama hajauza, na nauli ya kurudi Ruashi hana: wakati huo atakubali bei yoyote. Kijana anayejua hayo, akasubiri saa hiyo makusudi ili anunue rahisi, asijisifu kwamba ni mjanja.

Na kwa kuwa baadhi yenu mnauza wakati wa likizo ili mpate ada zenu, neno hili lina upande wa pili. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, wakatumia mizani ya udanganyifu, na wakauza hata makapi ya ngano. Sisi tunaijua meka ya unga iliyogongwa chini mpaka ikavimba kwa ndani. Tunajua pakiti ya biskuti ambayo tarehe yake imekwanguliwa. Tunajua pia kiatu kilichopakwa gundi leo ili kifike salama mpaka tarehe 25 tu. Kijana wa parokia anayeuza vitu hivyo katika juma la Noeli, kisha akaimba katika kwaya usiku wa mkesha, ameimba kwa sauti iliyolipiwa na mnunuzi wake.

Tunapotaja chakula kibovu hatuwezi kumnyamazia mwenzetu aliyekufa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akawa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Alikuwa kijana wa Kanisa, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa barabarani. Watu walimletea pesa ili aruhusu shehena ya chakula kilichoharibika iingie sokoni. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Vijana, mtazameni huyu vizuri. Hakuuawa akihubiri jukwaani. Aliuawa kwa sababu ya magunia, mihuri na karatasi za forodha. Alijua kwamba chakula kile kingefika kwenye meza ya familia asizozijua, na kwamba wa kwanza kukinunua wangekuwa wale wanaotafuta bei rahisi. Tunaponunua chakula cha Noeli kilicho salama, tunanufaika na uaminifu wa mtu fulani ambaye hatutamwona. Floribert alikuwa mtu wa namna hiyo. Na alitambua jambo ambalo wengi wetu hujifanya hatulijui, kwamba pesa zinazotolewa ili mtu afumbe macho haziwi zawadi hata zikiitwa hivyo.

Hapo tunafika kwenye neno lenyewe, zawadi. Katika mwezi huu neno hilo linatumika vibaya kila mahali. Mwenye kupiga muhuri anauliza: «Na Noeli yangu?» Anayesimamisha magari barabarani anatabasamu na kuuliza «Bonne année yetu iko wapi?» wakati cheti chako hakina kasoro. Mtu anayedai kabla ya kutimiza wajibu wake haombi zawadi, anaweka ushuru juu ya haki yako. Msijizoeze kulipa kwa mzaha, na siku mtakapokaa ninyi nyuma ya meza hizo msijizoeze kudai.

Kuna zawadi nyingine iliyofichwa ndoana, na hapa tunasema hasa na binti zetu. Desemba ni mwezi ambao wanaume wenye pesa huwa wakarimu ghafula. Simu mpya, nywele za kusuka, kikwembe cha bei, pesa za viatu: vyote huletwa kwa maneno matamu, na mara nyingi vinamfikia msichana ambaye nyumbani kwao hakuna anayeweza kumnunulia hata kandambili. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, aliyetoa huja kudai. Binti mpendwa, zawadi inayodai malipo ni biashara, na katika biashara hiyo bidhaa ni wewe. Una haki ya kuirudisha, hata kama umekwisha kuipokea na kushukuru. Wala wewe mvulana usidhani kwamba soda na sahani ya kuku ulizomnunulia mwenzako mjini zimekupa hati ya kumiliki mwili wake. Na ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu pamoja na watoto wenu, msiulize tu simu imetoka wapi. Ulizeni mapema binti yenu anahitaji nini, ili asiende kukitafuta kwa wengine.

Sasa, tununue nini? Hatutaki kuwapangia, lakini tunatoa shauri. Kabla ya kumaliza pesa zote kwenye mwanasesere wa plastiki atakayevunjika shingo kabla ya Epifania, tazameni mikono ya watu wetu. Katika mitaa yetu wako vijana wanaotengeneza magari ya kuchezea kwa waya, yenye usukani mrefu na magurudumu yanayozunguka kweli, na mtoto akiharibu gurudumu anaweza kulitengeneza mwenyewe. Wako mafundi wa malakiti wanaochonga misalaba na shanga za rozari kutoka jiwe la kijani la ardhi hii, na wako wanaofua shaba kwa nyundo mpaka uso wa Bikira Maria ukatokea. Yuko fundi cherehani jirani yenu, ambaye kwa kipande cha kikwembe atashona nguo inayomfaa mtoto huyu na si mwingine. Kuna pia daftari, kalamu na kitabu, zawadi ambazo mwalimu yeyote atazisifu, nasi hatujifichi. Pesa zinazolipwa hapo zinabaki mtaani. Fundi atanunulia unga, na mtoto wa fundi naye atapata Noeli yake. Hata nguo za mitumba si aibu. Shati lililofuliwa vizuri, likapigwa pasi na kufungwa vifungo vyote, ni shati la Noeli.

Limebaki jambo la mwisho, namna ya kutoa. Wabelgiji walituletea desturi ya Mtakatifu Nikolasi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Alikuwa askofu wa Mira, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, katika karne ya nne. Mapokeo yanasimulia kwamba baba mmoja aliyefilisika alikuwa na binti watatu wasio na mahari, na karibu awatoe kwa maisha ya aibu. Nikolasi alikwenda usiku, akatupa dhahabu ndani ya nyumba kupitia dirishani, akaondoka asionekane. Angalieni mambo mawili: zawadi yake iliwaokoa wasichana wasiuzwe, na alitoa gizani, ili baba yule asilazimike kuinama mbele yake kila wakipishana njiani.

Sisi siku hizi tunatoa mbele ya simu. Kundi linakwenda katika gereza la Kasapa au katika hospitali ya Sendwe na sabuni, unga na chumvi, jambo jema kabisa. Lakini kabla mgonjwa hajapokea sabuni yake lazima ashike upande mmoja na kiongozi wa kundi ashike mwingine, wote watazame kamera. Mgonjwa amelipa sabuni kwa uso wake. Jioni picha imefika katika simu za watu mia tatu, na miongoni mwao mna wakwe zake. Tunaomba makundi yetu yaache desturi hiyo. Ikiwa lazima itolewe taarifa kwa waliochanga, pigeni picha ya magunia na risiti, si ya watu. Watoto maskini wa parokia nao wasiitwe mbele ya altare kama maskini. Zawadi zipelekwe nyumbani kwao mapema, mkononi mwa mama au baba, ili asubuhi ya Noeli mtoto azipokee kwa mzazi wake. Hivyo mzazi naye atakuwa amepewa zawadi, nayo ni kuonekana kuwa mzazi mbele ya mwanawe.

Methali yetu inasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tumezoea kuitumia kuwahimiza watu watoe hata kidogo. Tuiongezee fundisho la siku hii: moyo huo huo unaotoa ndio uliopatana bei mchana, uliohesabu chenji, uliokataa mkopo, uliorudisha simu yenye ndoana. Mtu hana moyo mmoja wa sokoni na mwingine wa kanisani.

Nendeni basi mjini, vijana wapendwa. Shikaneni mikono mahali penye msongamano, wadogo wawe katikati. Msalimuni muuzaji kabla ya kuuliza bei. Kama mama wa gunia amewapunguzia vizuri, mwongezeeni kidogo mnapoondoka, na mtamsikia akiwabariki. Mnunulieni embe kijana anayesukuma mkokoteni wenu. Rudini kabla ya giza, na daftari ya hesabu ifungwe siku hiyo hiyo, ili hata franka iliyobaki ijulikane iko wapi. Nasi tutawangoja parokiani, si kwa kuwakagua, bali kwa kuwasaidia kufunga zawadi.

Tunawatakia nyote Noeli takatifu.

Kwa mazungumzo katika kundi

1. Katika nyumba zetu, nani hulipia furaha ya Noeli pasipo sisi kumwona? Tunaweza kumpunguzia mzigo kwa njia gani mwaka huu?

2. Tunapatana bei na nani, na tunanyamaza mbele ya nani? Kwa nini?

3. Mwenyeheri Floribert alikataa pesa zilizoharibu maana ya zawadi. Ni katika mambo gani madogo sisi vijana tunajaribiwa namna hiyo?

4. Kundi letu litapelekaje zawadi zake ili anayepokea abaki na heshima yake?